Pumzi ya Saa Saba na Dakika Kumi

Kibanda cha mnara,
Jumatano, baada ya sala ya alasiri.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mkeo na watoto, na mifugo yako pia, maana najua ukiulizwa hali huanza kujibu ya ng'ombe. Mimi sijambo kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, ila goti la kushoto siku hizi linapanda mnara kwa kununa. Shemeji yako naye hajambo. Kikohozi kilimwachia, kisha kikamrudia baada ya ule moshi, lakini anaendelea na shughuli zake na anakusalimu.

Kabla sijafika mbali nina ombi dogo. Mama aliyekuletea barua hii ametembea tangu alfajiri. Mpe kiti kivulini, mpe maji, na usimwache aende kabla hujamaliza kusoma. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo hawezi kukuharakisha. Nimemwambia asubiri jibu.

Mwandiko wangu utauvumilia. Unakumbuka shule yangu iliishia pale baba alipopatwa na mgongo na jembe likahitaji mtu. Wewe ndiye uliyeendelea, na sikuwahi kukuonea kijicho kwa hilo. Nililima ukasoma, na nilipokusikia ukisoma kwa sauti kibarazani nilijiona nimesoma na mimi.

Nikuelezee ya hapa kazini, ingawa mengi unayajua, kwa sababu nilikuonyesha mwenyewe. Siku ile kabla ya kiangazi nilikupandisha hadi juu ya mnara, ukashika chuma kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mwizi, ukaniambia kwamba kama wasomi wanataka kujua upepo unatoka wapi, si wangemwuliza mfugaji yeyote wakaokoa mabati yao. Nilikuonyesha kile chombo chenye vidole vya chuma kinachousikiliza upepo mara ishirini kwa sekunde moja, na jirani yake kinachopima hewa ya ukaa, na kamera inayoupiga picha uwanja kila nusu saa. Nikakusimulia maneno ya Mama Vipimo, mtafiti wetu. Jina hilo tulimpa kwa sababu hata sukari ya chai huipima kwa kijiko kilekile alichokuja nacho miaka kumi iliyopita. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mbuga inapumua. Wakati wa mvua majani yanavuta hewa ya ukaa mchana kutwa, na giza likiingia mbuga inairudisha kiasi. Kiangazi ni kama imebana pumzi. Ikiungua, inatoa kwa mchana mmoja ilichokiweka kwa miaka. Na joto nalo tunalipima, la jua linaloshuka, linalozama ardhini na linaloondoka na mvuke, na kila nusu saa mashine inafunga hesabu yake na kuanza nyingine.

Ulijua pia kwamba uwanja huu wa mnara ulikuwa haujaguswa na moto kwa miaka sita, na ulitakiwa ufikishe minane, ili ulinganishwe na ule wa ng'ambo unaoungua kila mwaka. Ndiyo maana kila mwisho wa mvua nalima ukanda mtupu kuuzunguka wote, moto wa nje usivuke. Mama Vipimo aliniambia watu wa nchi nyingi wanabishana kama kuizuia mbuga isiungue kunaifanya ihifadhi zaidi au ni kujisumbua bure, na kwamba sehemu ya jibu iko hapa, chini ya miguu yangu. Nisikufiche, nilijivuna. Mtu wa jembe kama mimi kuambiwa hivyo si jambo dogo.

Kisha nikakuonyesha ule mlingoti mfupi wenye mirija, unaonyonya hewa kutoka vimo mbalimbali, wa chini kabisa ukiwa usawa wa goti. Nikakueleza kwa nini kuna daftari kwenye kisanduku cha bati getini. Kila anayepita waya anaandikwa saa ya kuingia, saa ya kutoka na alichofanya, awe mimi au Mama Vipimo mwenyewe, kwa sababu mtu akipumua karibu na mrija, mashine inadhani mbuga nzima imeguna. Ulicheka hadi ukakaa chini. Ukasema wamenipata kweli, kwamba wa kuhesabu pumzi za watu ni Mungu peke yake, na hawa wanachohesabu ni miaka tu ya mjinga wa kuwalindia vyuma. Nami nikacheka. Tangu utotoni umekuwa ukinitania hivyo na sijawahi kukasirika.

Siku ile sikukuandika. Niliona haya kumwandika ndugu yangu wa tumbo moja kama mgeni. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nimelitubia.

Wiki mbili baadaye ukaja na shida ya malisho. Ng'ombe wamekonda, nyasi za nje zimekwisha, na humu ndani zimesimama hadi kiunoni zikikauka bila faida. Ukaniomba niuchome uwanja, hata nusu yake, majani mabichi yachipue. Nilikuambia siwezi, na nikakueleza sababu. Ukasema basi kaka, yaishe, wewe na mnara wako. Tukala pamoja. Nilidhani yameisha.

Sasa nikueleze habari za yule mrina asali. Wewe humjui sana. Ana mizinga yake upande wa bonde na hupita hapa akienda na kurudi. Sisi tunamwita Niandike. Hajui kusoma hata herufi moja, lakini tangu siku niliyomweleza habari ya pumzi, hajawahi kupita waya bila kuniambia niandike. Akikuta sipo, analifungua daftari mwenyewe na kuchora nyuki mdogo mwenye mabawa mawili, kisha kesho yake anakuja kuniambia niandike vizuri pembeni ya nyuki wake. Na akipita karibu na mlingoti hubana pumzi, mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta, hadi afike upande wa pili. Nilimwambia si lazima afanye hivyo. Akasema yeye maisha yake yote ameishi kwa kuwafukizia viumbe moshi, angalau hapa asimsumbue mtu. Kikohozi cha shemeji yako kilipozidi mwaka jana, ni asali ya huyo mtu iliyomtuliza, na alikataa kupokea malipo yoyote.

Ijumaa ile ya moto niliandika kwenye daftari kwamba nimetoka saa sita kasorobo, kama kila Ijumaa. Unajua msikiti ni mwendo wa dakika arobaini. Nilisali safu ya kwanza. Tulipotoa salamu ya mwisho nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba mbuga inawaka. Nilitoka na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Nilifika nikakuta mngurumo kama mvua kubwa juu ya bati. Mwewe walikuwa wanazunguka juu ya moshi wakidaka panzi. Niandike alikuwa peke yake katikati, anapiga miali kwa tawi bichi, nyusi zimeungua. Tulipiga pamoja hadi mikono ikakataa. Hatukuokoa kitu katika nyasi zile. Nyaya zilizopita ardhini ziliyeyuka kama nta, na vile visahani vya kupimia joto la udongo vilibaki vimelala uchi. Lakini mnara ulikuwa umesimama, na mlingoti wa mirija umesimama, na chini yao nyasi zilikuwa zimekwanguliwa mduara safi. Niliona, nikadhani ni bahati. Nikamshukuru Mungu pale pale kwenye majivu.

Askari wa hifadhi walipokuja walimpekua Niandike, na kwenye mfuko wake kulikuwa na mwenge wa kufukizia nyuki. Mrina asali asipokuwa na mwenge atakuwa na nini? Hapo ndipo ulipotokea, unahema, ukasema umemwona kwa macho yako mawili akiruka waya na mwenge wake unafuka. Walikuuliza mara mbili, ukajibu mara mbili.  Niandike alikutazama, kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama daftari limeungua. Nikamwambia halijaungua. Akasema basi hakuna neno, akanyoosha mikono wamfunge.

Jioni ulikula kwangu. Ulimwambia shemeji yako kwamba watu wa asali hawana haya, wanaweza kuchoma nchi nzima kwa ajili ya kibuyu kimoja. Ulinishika bega ukaniambia nisihuzunike, nyasi zitaota. Nilikushukuru. Nilimwambia Mungu katika sala ya isha kwamba amenipa ndugu.

Asubuhi yake nilikwenda kuchukua jembe nikafukie zile nyaya. Jembe langu la hapa mpini wake unalegea, kwa hiyo mimi huliacha chini ya benchi, limelala ndani ya ndoo ya maji. Asubuhi ile lilikuwa limetundikwa ukutani, makali yameelekea ukuta na mpini umeshuka wima. Nilisimama nalitazama muda mrefu, mdogo wangu. Baba ndiye aliyetufundisha kutundika hivyo, asije mtu akakatwa gizani, na alikuwa akituchapa tukisahau. Mimi niliacha mpini huu uliponilazimisha. Duniani tumebaki watu wawili tu tunaojua kutundika jembe hivyo, na mmoja alikuwa amesimama pale analitazama.

Hata hivyo nilikataa kuelewa. Mtu akitaka kutoelewa anaweza, nakwambia.

Siku ya tatu akaja Mama Vipimo. Hakulia, ingawa macho yalikuwa mekundu. Aliweka kompyuta kwenye benchi akaniita nikae karibu yake. Akanionyesha mstari wa mrija wa chini siku ya Ijumaa. Umelala tangu asubuhi, umelala, umelala, kisha saa saba na dakika kumi unasimama wima kama mkuki, unashuka, unapanda tena, hivyo hivyo kwa dakika kumi na mbili. Akaniambia moto bado. Moto ungekuja na joto, na vipimajoto vyote vilikuwa vimetulia hadi saa saba na dakika ishirini na nne. Kamera inayopiga picha kila nusu saa ilipiga saa saba kamili, uwanja mtupu, na saa saba na nusu, moshi. Mtu alijua nafasi iliyopo kati ya picha na picha. Na hizi, akaniambia akiweka kidole juu ya mikuki ile, ni pumzi. Tena si ya mtu aliyepita. Ni ya mtu aliyeinama, anayehema, anayefanya kazi nzito kando ya mlingoti. Akaniuliza ni pumzi ya nani.

Mdogo wangu, nilikuona. Niliona mgongo wako pale, unakwangua nyasi kuzunguka mlingoti kwa jembe langu, upesi upesi, ili mashine za kaka yako zisiungue. Kama usingejali vyuma vyangu, mrija usingekusikia. Hilo limenitesa kuliko yote, kwamba kilichokutaja ni ile chembe ya huruma uliyobaki nayo.

Nilimwambia Mama Vipimo pumzi ile ni yangu.

Akaniuliza kwani sikuwa msikitini. Nikamwambia nilichelewa, nikasafisha kidogo chini ya mlingoti, nikasahau kuandika. Akaniuliza kama nilimwona mtu. Nikasema sikumwona mtu. Alinitazama vile anavyotazama namba isiyokubaliana na wenzake. Kisha akaandika nilivyosema, kwa sababu kwa miaka kumi sijamwambia neno akalikuta si kweli. Ijumaa yangu niliyoisali safu ya kwanza nikaifuta kwa ulimi wangu mwenyewe.

Hiyo ndiyo siri niliyoibeba wiki tano. Nilijipa moyo kwamba Niandike ataachiwa, kwamba hakuna atakayemfunga mtu kwa ajili ya nyasi. Lakini uwanja huu umewekwa chini ya sheria, na wanasema ana shahidi dhidi yake, aliyeona kwa macho mawili. Kesi inasomwa Jumatatu.

Majani yamechipua kweli, kama ulivyosema. Kamera inaona kijani kila nusu saa, na wiki iliyopita ikaona ng'ombe. Nilimtambua yule jike wa pembe iliyovunjika niliyekupa ulipooa. Amenenepa, mashallah.

Jana alikuja mke wa Niandike. Hakulalamika, wala hakukaa nilipomkaribisha. Alisema mumewe amemwambia hapa pana mashine inayohesabu pumzi, naye daima alikuwa akibana yake asiiharibu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama tunaweza kuiuliza mashine hiyo kama Ijumaa ile ilimsikia mume wake.  Mashine imeshasema, dada yangu, ndivyo nilivyopaswa kumwambia. Imesema kulikuwa na mtu, na mimi nikajiweka mbele yake nikamziba. Nilimwambia arudi leo. Akasema atarudi, akaniachia kibuyu cha asali ya kikohozi, cha mwisho, maana mizinga haina mtu wa kuiangalia.

Sikuweza kukigusa. Nimekiweka mbele yangu hapa mezani, naandika nikikitazama.

Moto, mdogo wangu, ningekusamehe. Ulikuwa na ng'ombe wanakufa na kaka mwenye nyasi asiyetoa. Ungekuja ukaniambia nimechoma, ningekasirika mwezi mzima kisha ningekaa na wewe mbele ya Mama Vipimo. Lakini ulichagua saa niliyokuwa nimeweka paji la uso chini. Uliitumia sala yangu kama mlango ulioachwa wazi. Kisha ukamchukua mtu asiye na hatia, ukamweka mahali pako, ukaja kunishika bega kwa mkono uleule. Nimejaribu kutafuta neno la jambo hilo katika haya machache niliyosoma, silipati. Wewe uliyesoma zaidi huenda unalo.

Leo baada ya adhuhuri nimelifungua daftari kwenye ukurasa wa Ijumaa ile. Mstari mmoja ulikuwa mtupu chini ya wangu. Nimeandika kwa wino: saa saba na dakika kumi, mtu mmoja, mdogo wangu. Alichofanya, nimeandika alikwangua nyasi kuzunguka mlingoti, kisha akachoma. Mama Vipimo anakuja keshokutwa, Ijumaa, asubuhi. Nitamwambia nilidanganya kabla sijakwenda msikitini, maana siwezi kusimama tena safu ile nikiwa nimeibeba siri hii. Akinifukuza kazi atakuwa na haki. Kisha nitapanda naye kituo cha polisi kusema niliyoyajua, na Jumatatu nitayarudia mbele ya hakimu.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu moja. Natamani wakusikie wewe kabla hawajanisikia mimi. Mtu akiingia kituoni kwa miguu yake ni tofauti na anayetajwa na kaka yake, hata mbele ya Mungu nadhani ni tofauti.

Sasa inua macho umtazame huyo mama uliyempa maji. Ndiye mke wa Niandike. Kwenye kile kifurushi ana shati safi la mumewe na sabuni. Anampelekea kituoni, na kwako ni njiani. Barua nimeigundisha mwenyewe na hajui kilichomo. Amerudi leo kama alivyoahidi, atalala kwetu na kuondoka alfajiri, nami nimemwambia tu kwamba ndugu yangu ana jambo la kusema huko anakokwenda, huenda akamsindikiza. Amefurahi, kwa sababu kwenye njia ya bonde huogopa kupita peke yake.

Ukitoka naye, usiseme neno njiani kama huwezi, mbebee kifurushi tu. Ukikataa, mwambie hakuna jibu, naye ataondoka, na bado utabaki ndugu yangu. Ila jembe nimelitoa ukutani, nimelirudisha ndani ya ndoo yangu.

Nisalimie mkeo sana, na watoto mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie bado namwekea lile ganda la kobe. Shemeji yako amesimama mlangoni anauliza naandika nini kirefu hivi, bado sijamwambia. Mungu akutie nguvu kwenye miguu yako leo. Katika daftari, nafasi ya saa yako ya kutoka nimeiacha wazi. Sikuijua, na nisingependa kuijaza kwa niaba yako.

Wako wa tumbo moja,
Kaka yako, mlinzi wa mnara.